Jinsi ya Kuchagua Ukubwa wa Injini ya Petroli kwa Ndege Kubwa ya Modeli: Mwongozo Kamili

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Ndege yangu ina mabawa ya inchi 85. Niweke injini ya cc ngapi?" Hakuna fundi anayeweza kulijibu kwa uhakika. Upana wa mabawa peke yake hausemi ndege ina uzito gani, itafanya kazi gani, wala itarukia wapi. Ndege mbili zenye mabawa ya inchi 85 zinaweza kupishana kilo nne na zaidi. Moja itaridhika na cc 20, nyingine itadai cc 60.

Matokeo ya kubahatisha tunayaona uwanjani. Ndege inakimbia njia nzima bila kunyanyuka, au inanyanyuka kwa tabu pua ikiwa juu, na kona ya kwanza tu bawa moja linadondoka. Upande wa pili wapo waliofunga injini kubwa mno, wakalazimika kubandika risasi (ile metali nzito ya kuongeza uzito) mkiani ili ndege ikae sawa. Sasa ndege ni nzito, inatua mbio, na miguu inavunjika kila wikiendi. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: injini ilinunuliwa kabla ya hesabu.

Mwongozo huu ni wa injini za petroli za mipigo miwili, zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili ya 2T, kuanzia cc 20 hadi cc 120. Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka ya kwanza, zote zinazofuata zitakudanganya.

## Andaa hivi kwanza

- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Mizani ya kuning'iniza ya kupimia masanduku ya safari, inayofika kilo 50.
- Futi kamba, daftari na kikokotoo.
- Kipima mizunguko ya propela, kile kidogo cha kushika mkononi kinachosoma mwanga.
- Maelekezo ya ndege yako, pamoja na maelezo ya injini mbili au tatu unazozifikiria. Utahitaji uzito wake, urefu wake kutoka ukutani (ubao wa puani unaofungiwa injini) hadi kwenye propela, na propela zinazopendekezwa.
- Mwinuko wa uwanja wako kutoka usawa wa bahari. Ramani ya simu inatosha.
- Kamba imara ya mita tatu, nguzo isiyotikisika, glavu nzito, miwani ya kazi, vizibo vya masikio, na msaidizi mmoja mtulivu.

Fedha bado zikae mfukoni.

## Hatua ya 1: Pata uzito halisi wa kuruka

Uzito unaoutafuta ni ule wa ndege ikiwa tayari mwanzoni mwa njia, na tanki limejaa. Uzito ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi ni wa ndege iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa kiwandani, pengine bila mafuta. Kama ndege bado iko kwenye boksi, chukua uzito uliotajwa na uongeze asilimia 10. Kama imeshajengwa, ipime.

Kisha ongeza kila kitakachoingia: servo zote (mota ndogo zinazosogeza sehemu za mabawa na mkia), betri za rimoti, betri ya ignisheni, magurudumu, tanki, rangi kama bado hujapaka. Petroli nayo ni mzigo. Nusu lita ina takriban gramu 370.

Hapa kuna kitu kinachowachanganya wengi: uzito wa injini yenyewe nao umo, na injini bado hujaichagua. Weka makadirio. Injini ya cc 20 ina takriban gramu 650 ikiwa tupu, ya cc 30 takriban 900, ya cc 55 takriban 1,360. Lakini usiishie kwenye injini tupu. Ongeza sailensa, ignisheni na betri yake, boliti na nguzo za kufungia, propela na kofia yake ya mbele. Injini ya cc 55 ikishafungwa na mazagazaga yake yote hukaribia kilo 2.1. Tofauti hiyo ya gramu 700 na zaidi ndiyo inayosahaulika.

Utajua umefanikiwa: una namba moja ya kilo, imeandikwa, na unaweza kueleza kila gramu imetoka wapi. Utairudia hesabu hii baada ya Hatua ya 6, injini ikishajulikana.

## Hatua ya 2: Amua ndege itafanya kazi gani

Jibu hapa liwe la kweli, lisiwe la matamanio. Ukisema "sarakasi" kumbe utakuwa unazunguka uwanja taratibu jioni, utanunua injini mara mbili ya unayohitaji.

Tunachopima ni uwiano wa msukumo na uzito. Msukumo ni nguvu ambayo propela inaivuta ndege ikiwa imesimama, kwa kilo. Ndege ya kilo 8 yenye msukumo wa kilo 4 ina uwiano wa 0.5.

- Ndege za taratibu kama Piper Cub, na ndege za mafunzo: 0.5.
- Ndege za kivita za kuiga zile za Vita Kuu ya Pili: 0.6 hadi 0.8. Hizi ni nzito, mabawa yake ni madogo kwa uzito huo, na kuruka nyasini kunadai nguvu.
- Sarakasi za kawaida, mizunguko na kupinduka: 0.8 hadi 1.0.
- Sarakasi za kuning'inia kwenye propela, pua ikitazama mbinguni: 1.5 na zaidi.

Kama uwanja wako ni wa nyasi ndefu au njia ni fupi, chukua namba ya juu ya kundi lako. Nyasi zinakula nguvu nyingi kuliko watu wanavyodhani.

## Hatua ya 3: Geuza uwiano kuwa kilo za msukumo

Zidisha uzito wa Hatua ya 1 kwa uwiano wa Hatua ya 2. Tuchukue mifano miwili tutakayokwenda nayo hadi mwisho.

Mfano wa kwanza: Piper Cub J-3 ya robo ya ukubwa halisi. Cub halisi ina mabawa ya mita 10.74, hivyo ya robo inafika karibu mita 2.7, yaani inchi 106. Uzito wa kuruka ni kilo 8.5. Kwa uwiano wa 0.5, inahitaji msukumo wa kilo 4.25.

Mfano wa pili: ndege ya sarakasi ya aina ya Extra 300, mabawa inchi 88, uzito wa kuruka kilo 8.2. Kwa uwiano wa 1.5, inahitaji kilo 12.3.

Uzito unakaribia kulingana, na yenye mabawa mapana zaidi ndiyo inayohitaji nguvu ndogo, theluthi moja tu ya mwenzake. Sasa unaona kwa nini swali la inchi 85 halijibiki.

## Hatua ya 4: Sahihisha kwa mwinuko na joto

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wasomaji wa bara kuliko nyingine zote. Meza za injini na ushauri wa video nyingi hutoka kwa watu wanaoruka karibu na usawa wa bahari, kwenye hewa ya baridi. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana linaifanya iwe nyepesi zaidi.

Hewa nyepesi inakuumiza mara tatu. Injini inavuta hewa kidogo, hivyo nguvu zinashuka, takriban asilimia 3 kwa kila mita 300. Propela inashika hewa kidogo, hivyo msukumo unashuka. Na bawa linabeba kidogo, hivyo ndege inalazimika kwenda mbio zaidi ili inyanyuke.

Kinachowapoteza watu ni kipima mizunguko. Nguvu za injini zinashuka, lakini propela nayo imekuwa nyepesi kuzungushwa kwa sababu hewa haiibani sana. Matokeo yake mizunguko inabaki karibu ile ile. Injini inayopiga mizunguko 7,200 Dar es Salaam inaweza kupiga karibu hiyo hiyo Nairobi, mwenye ndege akaridhika, kumbe msukumo umeshuka kwa zaidi ya asilimia 15. Mizunguko mizuri kwenye nyanda za juu si ushahidi wa msukumo mzuri.

Gawanya kilo zako za Hatua ya 3 kwa namba ya eneo lako. Namba hizi ni za mchana wa kawaida, zikilinganishwa na hewa ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 15:

- Pwani, yaani Mombasa, Dar es Salaam, Unguja: 0.94
- Kampala na Arusha: 0.82
- Nairobi: 0.79
- Eldoret: 0.75

Cub yetu ikirukia Nairobi: 4.25 gawanya kwa 0.79 ni kilo 5.4. Extra ikirukia Nairobi: 12.3 gawanya kwa 0.79 ni kilo 15.6. Extra hiyo hiyo ikirukia Dar es Salaam inahitaji kilo 13.1 tu. Ndege ni ile ile na rubani ni yule yule, lakini injini inayofaa si moja.

Onyo: ukihamisha ndege kutoka bara kwenda pwani, usiiwashe na kuruka bila kurekebisha kabureta. Injini iliyosetiwa Nairobi imepunguziwa petroli ili ilingane na hewa nyepesi. Ikifika pwani inapata hewa nzito, petroli inakuwa chache, na oili ya kulainisha inakuja pamoja na petroli hiyo hiyo. Injini inapata moto kupita kiasi na pistoni inaweza kushika kwenye silinda. Fungua skrubu zote mbili za kabureta, ya mizunguko ya chini na ya juu, kidogo kidogo upande wa kuongeza mafuta kabla hujaiwasha, kisha ndipo uanze kuitafutia mahali pake.

## Hatua ya 5: Anza na propela, cc baadaye

Injini haivuti ndege. Propela ndiyo inayovuta, na injini kazi yake ni kuizungusha. Kwa hiyo tafuta kwanza propela gani ndege yako inaweza kubeba.

Propela ya 22x8 ina kipenyo cha inchi 22. Namba 8 ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa kitu kigumu.

Pima nafasi ya chini. Nyanyua mkia hadi ndege ilale kama inavyokuwa angani, kisha pima kutoka katikati ya shafti hadi ardhini. Toa sentimita 5 za usalama, zaidi kama uwanja una mabonde. Kinachobaki ni nusu ya kipenyo unachoweza kubeba. Mfano: shafti iko sentimita 34 juu, toa 5, inabaki 29, mara mbili ni 58, yaani karibu inchi 23. Usipime ndege ikiwa imekalia mkia, maana namba itakuwa ya uongo na propela italima ardhi wakati wa kuruka.

Pima kasi. Zidisha namba ya pili ya propela kwa mizunguko kwa dakika, kisha kwa 0.0015. Jibu ni kilomita kwa saa. Propela ya 18x8 ikipiga 7,500 inatoa karibu kilomita 90 kwa saa.

Linganisha na kasi ndogo kabisa ambayo bawa lako bado linabeba. Gawanya uzito wa ndege kwa eneo la bawa kwa mita za mraba, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 13 ukiwa pwani au 14 ukiwa bara. Cub yetu ina bawa la takriban mita 1.04 za mraba. Kilo 8.5 gawanya kwa 1.04 ni 8.2, kipeuo chake ni 2.86, na mara 14 ni kilomita 40 kwa saa. Kasi ya propela isipungue mara mbili ya hiyo. Hapa tuna 90 dhidi ya 40, tuko salama.

Ndege ya taratibu inataka kipenyo kikubwa na namba ya pili ndogo. Ndege ya kivita inataka namba ya pili kubwa, kwa sababu inakwenda mbio na propela ya 8 itaishiwa pumzi angani.

Jihadhari na tamaa ya kuongeza inchi. Kutoka 22x8 kwenda 23x8, kwa mizunguko ile ile, kunaidai injini karibu asilimia 20 ya nguvu zaidi. Inchi moja tu.

Utajua umefanikiwa: una kipenyo cha mwisho ambacho hutakivuka, na una namba ya pili inayokupa kasi unayotaka.

## Hatua ya 6: Sasa chagua cc

Haya ndiyo matarajio ya kawaida ya msukumo karibu na usawa wa bahari, injini ikiwa imeshalainika na propela ni sahihi:

- cc 20, propela inchi 16 hadi 17: kilo 5.5 hadi 7
- cc 30 hadi 35, propela inchi 18 hadi 20: kilo 8 hadi 10.5
- cc 50 hadi 60, propela inchi 22 hadi 23: kilo 12 hadi 16
- cc 85, propela inchi 24 hadi 25: kilo 18 hadi 22
- cc 100 hadi 120, propela inchi 26 hadi 28: kilo 22 hadi 28

Tafuta namba yako ya Hatua ya 4. Lenga katikati ya kundi, usilenge ukingoni. Namba za nguvu za farasi kwenye matangazo ziache, kwa sababu hupimwa kwenye mizunguko ambayo propela yako pengine haitafika.

Extra ya Nairobi inataka kilo 15.6. Iko ukingoni mwa cc 50 hadi 60, kwa hiyo cc 50 haifai na 55 itakuwa inahema. Chukua 60. Ukiipeleka pwani, 55 inaitosha vizuri.

Cub ya Nairobi inataka kilo 5.4. Kwenye karatasi cc 20 inafika, kwa shida. Hata hivyo mimi ningefunga cc 30, na sababu kubwa iko kwenye pua. Cub ina pua fupi. Injini nyepesi haitoshi kuusawazisha mkia, na wenye Cub wengi huishia kujaza risasi mbele. Ni afadhali uzito huo uwe injini inayofanya kazi kuliko risasi inayokaa bure. Halafu propela ya inchi 18, ambayo ni ya cc 30, inakaribia sana robo ya propela ya inchi 72 ambayo Cub halisi hutumia, hivyo ndege inapendeza hata ikiwa imesimama.

Rudi sasa Hatua ya 1 na uweke uzito wa injini hii. Kama jumla imebadilika kwa zaidi ya nusu kilo, pitia hesabu zote upya.

## Hatua ya 7: Hakikisha inaingia puani na ndege inakaa sawa

Pima urefu kutoka ukuta wa injini hadi mbele ya boneti, ulinganishe na urefu wa injini hadi kwenye sahani ya propela. Injini ikiwa fupi utaongeza nguzo za chuma. Ikiwa ndefu, utakuwa unakata boneti au unahamisha ukuta, na kazi hiyo ya pili si ya mwanzilishi. Angalia pia sailensa inatokea upande gani na kabureta iko nyuma au pembeni. Kabureta ya nyuma inadai tundu ukutani.

Kisha fanya hesabu ya mizani kabla ya kununua. Chukua Extra yetu, kwa mfano, ambayo mwenyewe anataka kufunga injini nzito kuliko iliyopendekezwa kwa gramu 600. Injini iko sentimita 45 mbele ya mahali ndege inaposawazika, na mkia uko sentimita 120 nyuma yake. Zidisha 600 kwa 45, gawanya kwa 120. Jibu ni gramu 225 za risasi mkiani. Injini "ya akiba" imeongeza gramu 825, karibu kilo nzima, na ndege itatua kwa kasi zaidi kila mara hadi mwisho wa maisha yake.

Kabla ya kukubali risasi, hamisha kwanza betri na servo za mkia. Mara nyingi hizo peke yake zinatosha.

Onyo: ukuta uliotengenezewa cc 30 usifungwe cc 55 bila kuimarishwa. Silinda moja kubwa inatikisa vibaya, na gundi ya kiwandani huachia polepole bila dalili. Weka vipande vya pembetatu vya mbao ngumu kwenye kona zote kwa gundi ya epoksi, na boliti zote zipite na nati za kujifunga.

## Hatua ya 8: Hewa na mafuta

Tundu la kutolea hewa ya moto kwenye boneti liwe kubwa mara mbili hadi tatu ya lile la kuingizia. Hewa ikishapata joto inavimba. Ukifungua mbele tu bila nyuma, hewa inasimama na silinda inaungua. Weka vizuizi ndani vinavyoilazimisha hewa ipite kati ya mapezi ya silinda, badala ya kukwepa pembeni.

Tanki la mililita 350 linatosha cc 20, mililita 500 hadi 700 kwa cc 50 hadi 60, na karibu lita moja kwa cc 100. Mipira ya silikoni ya injini za methanoli isitumike, petroli inaivimbisha na kuidhoofisha. Oili changanya kama kitabu cha injini kinavyosema. Nyingi zinataka sehemu 1 ya oili kwa 30 hadi 40 za petroli.

## Hatua ya 9: Jaribu chini kabla ya kuruka

Kwanza usalama. Ignisheni na nyaya zake zikae mbali na kipokea mawimbi, sentimita 25 au zaidi. Swichi ya kuzima injini kutoka kwenye rimoti iwepo na ijaribiwe, na ukizima rimoti injini ife yenyewe. Propela ya inchi 22 ikipiga 7,200, ncha yake inakwenda zaidi ya mita 200 kwa sekunde. Asisimame mtu yeyote mbele yake wala usawa wake, hata kwa sekunde moja ya kupiga picha.

Funga kamba kwenye kiunzi cha mkia, usiifunge kwenye mapezi ya mkia. Unganisha na mizani ya masanduku, na mizani na nguzo. Magurudumu yawe kwenye sakafu laini, kamba iwe sambamba na ardhi. Msaidizi akae nyuma ya bawa. Pasha injini moto, fungua mafuta yote kwa sekunde tano hadi kumi, soma mizani na kipima mizunguko kwa pamoja, kisha rudisha.

Mizani sasa inakusomea msukumo halisi wa uwanja wako, mwinuko na joto vikiwamo. Linganisha na namba ya Hatua ya 3, ile ya kabla ya kugawanya.

- Namba imefika au imekaribia sana: umefanikiwa.
- Mizunguko iko chini na msukumo uko chini: propela ni kubwa mno, au injini bado mpya. Injini ya petroli inahitaji lita kadhaa kabla haijalainika, kwa hiyo usiihukumu kwa tanki la kwanza. Punguza namba ya pili ya propela kwanza, kipenyo baadaye.
- Mizunguko iko juu na msukumo uko chini: propela ni ndogo, au hewa yako ni nyepesi. Ongeza inchi moja ya kipenyo kama nafasi ya chini inaruhusu.

Kabla ya kutoka nyumbani, ulizia pia sheria. Ndege ya kilo 8 yenye injini haihesabiwi kichezeo. Kenya mamlaka ya usafiri wa anga ni KCAA, Tanzania ni TCAA, na ruhusa huombwa kabla ya siku ya kuruka.

## Hatua ya 10: Soma mafuta angani

Ndege ikishatulia kwenye mwinuko salama, punguza mafuta mpaka iruke sawa bila kupanda wala kushuka, kisha tazama kijiti cha mafuta kwenye rimoti kiko wapi. Cub ikiwa nusu au chini ya nusu, injini inatosha. Ndege ya sarakasi ikiwa theluthi moja, sawa. Ikikulazimu kuvuka robo tatu ili tu isishuke, tua. Usijaribu kona kali wala mzunguko wowote siku hiyo, kwa sababu huna akiba ya kukutoa kwenye kosa.

## Ukikwama kati ya injini mbili

Isawazishe ndege ikiwa haina injini, halafu uweke uzito wa kila moja puani kwa zamu. Mfuko wa mchanga uliopimwa unatosha. Ile inayoiacha ndege ikae sawa bila risasi ndiyo yako. Kama zote mbili zinakaa sawa, bara chukua kubwa, pwani chukua ndogo.

Halafu muulize muuzaji vipuri kabla ya kulipa. Injini nyingi za aina hii hutumia kabureta za Walbro, familia ile ile iliyo kwenye misumeno ya injini na mashine za kukatia nyasi, hivyo fundi wa misumeno mjini anaweza kuwa na diaframu zake. Plagi ya NGK CM6 ni ndogo kuliko ya pikipiki, na maduka mengi ya vipuri hayana. Nunua mbili pamoja na injini, na propela ya pili ya saizi ile ile, kwa sababu ya kwanza itagusa ardhi.